Meneja mteuzi wa wachezaji apimwe kwa kipimo gani?

Klabu inapoinua kombe, mashabiki humshangilia mfungaji na kocha. Mtu aliyemchagua mfungaji huyo miaka miwili au mitatu kabla huwa ameketi jukwaani kimya, na jina lake hutajwa zaidi siku mambo yanapoharibika. Makala haya yanatazama jinsi kazi ya mtu huyo inavyoweza kupimwa kwa haki, kwa kuchukua mfano wa mji wa Brussels, makao makuu ya Ubelgiji, na klabu yake mashuhuri ya Anderlecht.

Jengo la radio

Katika manispaa ya Ixelles, mwendo mfupi kutoka katikati ya Brussels, pana kiwanja cha wazi kiitwacho Flagey, kwa jina la meya wa zamani wa manispaa hiyo. Upande mmoja kuna mabwawa ya maji yaliyozungukwa na miti. Kwenye kona limesimama jengo la matofali ya manjano lenye mnara, ambalo wenyeji wamezoea kulifananisha na meli ya abiria. Lilichorwa na msanifu Joseph Diongre na kujengwa katika miaka ya 1930 kwa ajili ya shirika la utangazaji la taifa. Watangazaji walihama katika miaka ya 1970, na tangu mwaka 2002 jengo hilo limekuwa kituo cha utamaduni chenye kumbi za muziki na sinema.

Barabara ya Ixelles inapanda kutoka Flagey hadi Porte de Namur, na huko juu ndiko uliko mtaa wa Matonge, uliopewa jina la mtaa mashuhuri wa Kinshasa. Katika vinyozi na migahawa ya Matonge, Kilingala na Kifaransa husikika zaidi, lakini Kiswahili cha Lubumbashi na Bukavu nacho kina wenyewe. Mazungumzo ya kandanda hayakosekani, na mara nyingi huishia kwenye swali moja: nani aliyemwona mchezaji fulani kwanza, na nani aliyemwacha akaenda zake?

Jengo la Flagey lilijengwa kwa ajili ya masikio. Kabla ya televisheni kuenea, mtu asiyefika uwanjani alimjua mchezaji kwa maneno ya mtangazaji tu. Meneja wa klabu ya Ulaya anayemtafuta kijana wa Lubumbashi, Dar es Salaam au Mombasa amekuwa katika hali inayofanana na hiyo kwa muda mrefu. Husikia kwanza, huona baadaye, na hulipa kabla hajajua. Ndiyo maana kumpima si kazi nyepesi.

Somo kutoka Marekani

Nchini Marekani suala hili limechunguzwa kuliko kwingineko. Katika kandanda ya huko, ile inayochezwa kwa mpira wa umbo la yai, klabu hazishindani kwa fedha kuwapata vijana wanaotoka vyuoni. Tangu mwaka 1936 klabu za ligi ya NFL huwateua kwa zamu, na klabu iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita hupewa zamu ya kwanza. Orodha ya uteuzi huhifadhiwa. Kwa hiyo baada ya miaka 10 mtu yeyote anaweza kurudi nyuma na kuona nani aliteuliwa, nani alirukwa, na ni meneja yupi aliyekuwa na nafasi ya kumchukua mchezaji bora lakini akaiachia.

Orodha hiyo hufundisha unyenyekevu. Mchezaji wa kwanza kabisa kuteuliwa mwaka 1936, Jay Berwanger, hakucheza hata mechi moja ya ligi hiyo. Kwa upande mwingine, mwaka 2000 klabu ya New England Patriots ilimteua Tom Brady katika raundi ya 6, akiwa mchezaji wa 199. Brady alikuja kushinda ubingwa wa Super Bowl mara 7, na mara 6 kati ya hizo alikuwa na klabu hiyo. Wengi huutaja uteuzi huo kuwa wa busara kuliko wote. Lakini kabla ya kumchukua Brady, Patriots ilikuwa imekwisha kuteua wachezaji wengine 6 mwaka ule ule. Kama viongozi wake wangejua walichokuwa wanakipata, wasingethubutu kungoja mpaka nafasi ya 199. Walistahili sifa kwa kumchukua na kwa kumlea, lakini bahati nayo ilikuwa na fungu lake.

Watafiti wawili, Cade Massey na Richard Thaler, waliichunguza orodha hiyo kwa miaka mingi na kuchapisha matokeo yao mwaka 2013. Walilinganisha wachezaji waliofuatana katika uteuzi kwa nafasi moja uwanjani. Walikuta kwamba yule aliyeteuliwa mapema aliibuka kuwa bora kuliko anayemfuata kwa kiwango kilichozidi nusu kidogo tu, karibu sawa na kurusha sarafu. Waligundua pia kwamba mameneja hujiamini kupita kiasi, na hulipa gharama kubwa mno ili kupata zamu ya mapema.

Funzo la Wamarekani ni kwamba jina moja kubwa halithibitishi ustadi wa mteuzi, na kosa moja halithibitishi upungufu wake. Kinachohitajika ni kuhesabu yote, pamoja na wale alioweza kuwapata akawaacha.

Miaka 15 ya Anderlecht

Ubelgiji haina uteuzi wa zamu. Soko liko wazi, na mwenye fedha hutangulia. Kwa muda mrefu Anderlecht ilikuwa miongoni mwa klabu zenye bajeti kubwa kabisa nchini humo. Kuanzia mwaka 2003 hadi 2018 meneja wake mkuu alikuwa Herman Van Holsbeeck, aliyemrithi Michel Verschueren. Yeye ndiye aliyesimamia ununuzi na uuzaji wa wachezaji, wakati makocha walikuja na kuondoka: Hugo Broos, ambaye baadaye aliziongoza timu za taifa za Cameroon na Afrika Kusini, kisha Frank Vercauteren, Ariël Jacobs, John van den Brom, Besnik Hasi na wengineo.

Kwa hesabu ya makombe, rekodi yake inang'aa. Katika misimu 15, kuanzia ule wa 2003-04 hadi ule wa 2017-18, Anderlecht ilitwaa ubingwa wa ligi mara 8. Nyumbani hakuna klabu iliyoikaribia katika kipindi hicho.

Hata hivyo, hesabu ya makombe ina kasoro zake. Ubingwa wa kwanza, wa mwaka 2004, ulipatikana kwa kikosi ambacho sehemu yake kubwa kilijengwa kabla yake. Aidha, klabu yenye mfuko mnene hutarajiwa kushinda, kwa hiyo ushindi peke yake hauonyeshi kama mfuko huo ulitumiwa vizuri. Barani Ulaya, ambako Anderlecht ilikutana na wenye mifuko minene zaidi, mambo yalikuwa mengine. Katika Ligi ya Mabingwa ya msimu wa 2004-05 ilipoteza mechi zote 6 za kundi lake, na katika msimu wa 2017-18 ilimaliza ya mwisho kundini ikiwa na pointi 3. Katikati ya misimu hiyo palikuwa na nyakati njema pia, kama robo fainali ya Ligi ya Europa mwaka 2017, ambapo Manchester United ililazimika kucheza dakika za nyongeza kabla ya kuitoa.

Ukiacha makombe na kutazama wachezaji mmoja mmoja, picha huwa na rangi nyingi. Mwaka 2006 Anderlecht iliwachukua Waargentina wawili kutoka klabu moja, Independiente. Mmoja alikuwa Lucas Biglia, kiungo aliyedumu Brussels hadi mwaka 2013, kisha akaenda Lazio na kuichezea Argentina katika fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2014. Mwingine alikuwa Nicolás Frutos, mshambuliaji mrefu aliyefunga mabao alipokuwa mzima, lakini majeraha yalimwandama mpaka akaacha kucheza mwaka 2010 kabla ya kutimiza miaka 30. Macho yaliyowachagua yalikuwa yale yale, na soko lilikuwa lile lile. Je, meneja asifiwe kwa goti lililostahimili na kulaumiwa kwa goti lililoshindwa?

Wapo waliofanikiwa wazi. Aleksandar Mitrović alichukuliwa kutoka Partizan ya Belgrade mwaka 2013 akiwa na miaka 18, akasaidia kupata ubingwa, na mwaka 2015 akauzwa kwa Newcastle. Wapo pia waliokuwa ghali na hawakutimiza matarajio. Nicolae Stanciu wa Romania alinunuliwa mwaka 2016, akiwa miongoni mwa wachezaji wa gharama kubwa zaidi katika historia ya klabu hiyo, na ilipofika Januari 2018 alikuwa amekwisha kwenda Sparta Prague. Na wapo waliothaminiwa kwingine. Cheick Tioté wa Côte d'Ivoire aliingia Anderlecht mwaka 2005 akiwa kijana, akaachwa aende Twente ya Uholanzi mwaka 2008, akatwaa ubingwa wa nchi hiyo mwaka 2010 na kuhamia Ligi Kuu ya England mwaka ule ule.

Mtoto wa Kinshasa aliyepimwa mara mbili

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha Dieumerci Mbokani. Alizaliwa Kinshasa mwaka 1985, na kutoka huko akaenda Lubumbashi kuichezea TP Mazembe. Katika msimu wa 2006-07 Mazembe ilimpeleka Anderlecht kwa mkopo. Alikuwa na umri wa miaka 20 na ushei, mgeni wa baridi na wa kikosi kilichojaa washambuliaji. Mbele yake walikuwapo Frutos na Mohamed Tchité, mzaliwa wa Bujumbura, ambaye msimu huo alikuwa tegemeo la mabao la klabu.

Anderlecht ilitwaa ubingwa mwaka 2007. Katika kiangazi hicho Tchité aliuzwa kwa Racing Santander ya Hispania, na Mbokani hakubakizwa. Standard ya mjini Liège, hasimu mkubwa wa Anderlecht, ikamchukua. Waswahili husema asiyekujua hakuthamini. Msimu uliofuata Standard ilipata ubingwa wake wa kwanza tangu mwaka 1983, na Anderlecht ikawa ya pili. Mwaka 2009 Standard ikautwaa tena.

Kama hesabu ingefungwa hapo, hukumu ingekuwa rahisi: meneja alikuwa na mchezaji nyumbani kwake, akamfungulia mlango, na hasimu akamkaribisha. Lakini hesabu haikufungwa. Mbokani aliuzwa kwa Monaco mwaka 2010, akapelekwa Wolfsburg kwa mkopo, na mambo hayakumnyookea. Mwaka 2011 Anderlecht ikamnunua. Aliiongoza safu ya ushambuliaji katika misimu miwili, yote miwili ikamalizika kwa ubingwa, na mwaka 2012 akapewa Kiatu cha Dhahabu, tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya Ubelgiji, pamoja na Kiatu cha Mpingo, ambayo hutolewa kwa mchezaji bora mwenye asili ya Afrika. Mwaka 2013 aliuzwa kwa Dynamo Kyiv.

Mchezaji ni yule yule, klabu ni ile ile, na meneja ni yule yule. Mwaka 2007 alikosea, na mwaka 2011 alipatia. Je, kosa la kwanza lifutwe na la pili? Hapana, kwa sababu katikati yake hasimu alipata mataji mawili. Je, uamuzi wa pili udharauliwe kwa kuwa mchezaji alikuwa amekwisha kujulikana? Hapana pia, kwani mwaka 2011 Mbokani alikuwa ametoka kushindwa Ufaransa na Ujerumani, na wengi wangeweza kumwona kama nyota iliyozimika. Tena kumrudia mtu uliyemwacha ni kukiri hadharani kwamba ulikosea, na si kila kiongozi wa kandanda yuko tayari kufanya hivyo.

Upande wa kijana mwenyewe nao usisahaulike. Mbokani alipata nafasi ya pili kwa sababu klabu nyingine ya nchi ile ile iliamini anachoweza kufanya. Kwa kila mmoja kama yeye wapo vijana walioletwa Ulaya kwa mkopo au kwa majaribio, wakapimwa kwa miezi michache katika baridi wasiyoizoea na lugha wasiyoielewa, kisha wakaandikiwa kwamba hawafai. Majina yao hayamo katika rekodi ya meneja yeyote, kwa sababu hakuna aliyefuatilia walikoishia.

Jioni moja mjini Liège

Tarehe 24 Mei 2009 inaweza kusimama badala ya miaka yote 15. Standard na Anderlecht zilikuwa zimemaliza ligi zikiwa na pointi sawa, na ikabidi zicheze mechi mbili za kuamua bingwa. Ya kwanza, mjini Brussels, ilikwisha kwa sare ya bao 1-1. Ya pili, mjini Liège, Standard ilishinda bao 1-0 na kubaki na taji, ikiwa klabu ambayo miaka miwili kabla ilikuwa imemwokota Mbokani.

Jioni hiyo hiyo, Anderlecht ikiwa nyuma, kocha wake Ariël Jacobs alimwingiza uwanjani kijana aliyekuwa ametimiza miaka 16 siku 11 kabla. Kijana huyo, mzaliwa wa Antwerp na mtoto wa Roger Lukaku, mchezaji wa zamani wa kimataifa wa Kongo, aliitwa Romelu Lukaku. Msimu uliofuata aliibuka mfungaji bora wa ligi na Anderlecht ikawa bingwa. Mwaka 2011 aliuzwa kwa Chelsea, na baadaye akawa mfungaji wa mabao mengi zaidi katika historia ya timu ya taifa ya Ubelgiji.

Katika dakika zile 90, kwa hiyo, kosa la mteuzi na fanikio lake vilikuwa pamoja. Aliyekuwa anasikiliza radio jioni ile alisikia kosa tu, kwa kuwa fanikio lilikuwa bado na miaka 16.

Sifa ni za nani?

Lukaku hakununuliwa akiwa mtu mzima. Mwaka 2006 Anderlecht ilimchukua kutoka Lierse akiwa mtoto, pamoja na vijana wenzake kadhaa, na kumlea katika chuo chake cha soka, ambacho kilikuwa na utaratibu wa kuunganisha mazoezi na masomo. Anayestahili sifa hapa ni nani? Je, ni msaka vipaji aliyemwona Lierse, walimu wa chuo, kocha aliyemwamini katika mechi ngumu kuliko zote, au meneja mkuu aliyeidhinisha mpango na malipo yake?

Swali hilo ni gumu zaidi kwa Vincent Kompany. Baba yake, Pierre Kompany, mzaliwa wa Bukavu, alihamia Ubelgiji mwaka 1975 na baadaye akawa meya wa manispaa ya Ganshoren mjini Brussels. Vincent aliingia katika chuo cha Anderlecht akiwa mtoto mdogo, na akaanza kuichezea timu ya kwanza mwaka 2003 akiwa na miaka 17, mwaka ambao Van Holsbeeck ndiyo kwanza alikuwa anaingia ofisini. Kumhesabia meneja huyo ugunduzi wa Kompany ni kumpa mavuno ya shamba alilolikuta limekwisha kupaliliwa. Anachoweza kupimwa nacho ni yaliyofuata: muda aliobaki naye na namna alivyomuuza kwa Hamburg mwaka 2006.

Youri Tielemans, ambaye mama yake ana asili ya Kongo, alianza kuichezea timu ya kwanza mwaka 2013 akiwa na miaka 16, na akauzwa kwa Monaco mwaka 2017 baada ya kusaidia kupata ubingwa. Kwake, meneja ana fungu lililo wazi zaidi, kwa sababu kipindi chote cha kumkuza, kumlinda dhidi ya wanunuzi na kumuuza kilikuwa chini ya uongozi wake. Lakini hata hapo alikuwa mmoja wa wengi.

Samatta na mlango uliokuwa wazi

Kipimo kingine ni kutazama walichokifanya majirani. Mwaka 2015 TP Mazembe ilitwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika, na Mtanzania Mbwana Samatta alifunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger. Mazembe yenyewe ilikuwa imemwona kwa macho yake mwaka 2011, ilipokutana na Simba ya Dar es Salaam katika mashindano hayo hayo, ikamnunua. Mwezi Januari 2016 Samatta alitawazwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza barani humo, wa kwanza kutoka Afrika Mashariki.

Kwa hiyo hapakuwa na siri yoyote. Kila klabu ya Ubelgiji ingeweza kubisha hodi Lubumbashi, mji ambao Wabelgiji wanaufahamu tangu zama za ukoloni. Aliyebisha ni Genk, klabu ya mkoa wa Limburg, mwishoni mwa mwezi huo huo wa Januari. Tena ilikuwa na subira, kwani msimu wake ulio bora, ule wa 2018-19, ulikuja baada ya miaka mitatu. Alifunga mabao 23 ya ligi, Genk ikawa bingwa, na Samatta akatuzwa Kiatu cha Mpingo mwaka 2019. Tarehe 5 Novemba mwaka huo aliisawazishia Genk kwa kichwa dhidi ya Liverpool katika uwanja wa Anfield, ingawa Genk ilifungwa 2-1. Mwezi Januari 2020 aliuzwa kwa Aston Villa, na akawa Mtanzania wa kwanza kufunga bao katika Ligi Kuu ya England.

Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kisa cha Samatta kinaonyesha kwamba chema nacho huhitaji mnunuzi mwenye ujasiri. Katika daftari la kila meneja wa Ubelgiji wa wakati huo, isipokuwa wa Genk, pana mstari mtupu ambapo jina hilo lingeweza kuandikwa.

Njia ya tarakimu

Brussels yenyewe imetoa mfano mwingine. Royale Union Saint-Gilloise, klabu kongwe ya upande wa kusini wa mji, ilishuka kutoka daraja la kwanza mwaka 1973 na haikurudi hadi mwaka 2021. Tangu mwaka 2018, iliponunuliwa na Mwingereza Tony Bloom na washirika wake, klabu hiyo imetegemea uchambuzi wa takwimu katika kuchagua wachezaji. Mwaka 2020 ilimchukua Deniz Undav kutoka Meppen ya daraja la tatu la Ujerumani, naye akawa mfungaji bora wa ligi ya Ubelgiji msimu wa 2021-22. Mwaka 2022 ilimchukua Mnigeria Victor Boniface kutoka Bodø/Glimt ya Norway, na mwaka mmoja baadaye akahamia Bayer Leverkusen. Mwaka 2025 Union ilitwaa ubingwa wa Ubelgiji, wa kwanza tangu mwaka 1935. Anderlecht, yenye mashabiki na umaarufu mkubwa zaidi, haikuwa imeuonja ubingwa huo tangu mwaka 2017.

Tarakimu, hata hivyo, huhesabu kilichoandikwa tu. Kijana ambaye mechi zake hazipigwi picha wala kuingizwa katika kumbukumbu hana tarakimu, na kwa mashine hayupo. Kwa viwanja vingi vya Afrika Mashariki na Kongo, jicho la mtu na simulizi ya mtu bado ndiyo njia ya pekee. Hapo mteuzi hurudi palepale pa zamani, anasikia kwanza na kuona baadaye.

Mizani iliyo ya haki

Kutokana na visa hivi, maswali machache yanaweza kuwa mizani. Kwanza, meneja alikuwa na fedha kiasi gani, na wenzake wenye fedha kama zake walipata nini? Pili, ni wachezaji wangapi aliowachagua mwenyewe, na ni wangapi aliowakuta? Tatu, ni nani aliokuwa nao mkononi akawaacha, na ni nani walikuwa sokoni akawapita? Nne, je, alimpa mchezaji muda wa kutosha kabla ya kumhukumu? Tano, alipokosea, alikubali na kurekebisha, au alilinda heshima yake kwa gharama ya klabu?

Kwa mizani hiyo, Van Holsbeeck anatoka na alama nzuri kwa jumla, ingawa si za juu kama hesabu ya mataji 8 inavyodai. Alikuwa na uwezo mkubwa wa fedha, alirithi chuo chenye vipaji na kukiacha kikiendelea kuvitoa, na alipatia mara nyingi katika soko la Argentina na la Balkani. Alimwacha Mbokani kwa bei ya mataji mawili, kisha akawa na moyo wa kumrudisha. Mwishoni, majirani walipobadili mbinu, Anderlecht ilichelewa.

Mizani hii haiwahusu Wazungu peke yao. Viongozi wa Simba, Yanga, Gor Mahia na TP Mazembe husajili wachezaji kila msimu, na mara nyingi hupimwa kwa mechi tatu za mwanzo au kwa kelele za jukwaani. Klabu inayotaka kujifunza ingefanya jambo jepesi: kuandika leo, kwa tarehe, sababu za kumchukua huyu na kumwacha yule, kisha kulifungua daftari hilo baada ya miaka mitatu. Wachache hufanya hivyo, kwa kuwa daftari halisahau.

Na kwa kijana wa miaka 20 aliyeambiwa na klabu moja kwamba hatoshi, kisa cha Mbokani kina faraja yenye masharti. Hukumu ya mteuzi mmoja, hata awe wa klabu kubwa namna gani, ni maoni ya mtu aliyetazama kwa muda mfupi. Inaweza kutenguliwa, ikiwa atapatikana mwingine wa kutazama tena.